Alama Ndani ya Kola

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa maji. Nilikuwa nimefunga kanga kuukuu juu ya gauni, mikono nimeikunja hadi viwikoni, tayari kufua nguo za hoteli nzima, na badala yake nikapewa sindano. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1990, katika chumba cha madobi cha hoteli moja ya katikati ya Kigali, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawafiki na mvuke hauna pa kutokea. Mimi ni mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali. Mama yangu alizaliwa hapa, na baba yangu alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyekuja kuuza dagaa akasahau kurudi. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu, na ndicho kilichonipatia kazi, kwa sababu mkuu wa madobi alikuwa mtu wa Bukavu asiyekubali kutoa amri kwa lugha nyingine.

Sote tulimwita Shefu. Alikuwa mfupi, ana kitambi, na kila wakati alikuwa na harufu ya sabuni ya mche. Alinikalisha mbele ya meza ndefu akanitupia shati jeupe.

"Mwamini, hii shati iko ya nani?"

Nikaligeuzageuza. "Sijui, Shefu."

"Hata miye sijue. Na mwenyewe naye, ikishachanganyika na ingine nyeupe mingi, hatajua. Sasa tutafanya je? Ukiandika jina, sabuni inatosha jina, inaifuta. Lakini uzi, sabuni haiwezi."

Hiyo ndiyo meza ya alama, na mbele ya meza kama hiyo ndipo nilipokaa maisha yangu yote ya kazi. Ninyi wa leo mnabandika kikaratasi chenye namba, mashine inasoma, mambo yamekwisha. Sisi tulishona. Kila mteja alikuwa na rangi yake na mshono wake: msalaba, mstari, nukta, jicho. Kwenye shati, alama ilikaa ndani ya kola, pale panapogusa kisogo. Kwenye suruali, ndani ya kitambaa cha mfuko. Uzi wenyewe ulichemshwa kwanza peke yake, usije ukachuja rangi na kuharibu nguo ya mtu. Hatukuandika popote, tulikariri. Baada ya miezi kadhaa ningeweza kutia mkono ndani ya beseni la povu, nikapapasa kola, nikakuambia mwenye shati kabla sijalitoa.

Shefu alikuwa na sheria mbili, akazitamka siku hiyohiyo ya kwanza. Ya kwanza, nguo ikibadili mwenyewe, alama ya zamani ifumuliwe na mpya ishonwe palepale. Bwana mkubwa akimpa mpishi wake shati, basi uzi wa bwana mkubwa utoke, la sivyo ipo siku mpishi atarudishiwa suti isiyo yake. Ya pili ilikuwa fupi zaidi.

"Nguo ya mteja haiendi misa."

Alikuwa akisema juu ya madobi wanaovaa nguo za watu siku ya Jumapili. Dunia nzima dobi anasemwa kwa hilo, na si uongo wote. Kisha akaongeza, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," huku anamtazama mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa kwenye meza ya pasi. Yule mrefu akainua macho akaanza kuchunguza dari, kana kwamba imevuja.

Huyo alikuwa Gaspari. Aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nitafika huko, wala sina haraka ya kufika. Mke wake, Konsolata, alikuja kunitafuta baadaye akitaka kitu kimoja tu, ampate mumewe amzike, na kilichomleta kwangu ni hizo alama za uzi. Lakini kwanza nataka mmjue Gaspari akiwa amesimama kwenye pasi yake.

Alikuwa mpiga pasi ambaye sijaona mfano wake. Tulitumia pasi za mkaa, zile nzito zenye jogoo mbele ya kifuniko, na kazi ilikuwa kujua joto bila kuuliza mtu. Wengine walitemea mate. Gaspari aliisogeza pasi karibu na shavu, akasema "bado" au "twende". Maji ya kulainisha nguo aliyapuliza kwa mdomo, yakatoka laini kama ukungu wa asubuhi, wala hutaona tone. Na alipenda nguo, maskini, alizipenda kuliko wenye nguo. Mchana kutwa alizinyoosha Jumapili za watu wengine, naye mwenyewe alikuwa na shati moja la maana. Wafanyakazi tuliruhusiwa kufua nguo zetu Jumamosi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na alama yake. Yeye alichagua kijani, na njano ikikatiza juu yake. Nilipomwuliza kwa nini, akasema ndizi za kwao, mbichi na mbivu.

Oktoba ya mwaka ule vita vikaanza kule kaskazini mashariki, na Kigali watu wakakamatwa kwa wingi, wakiitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Gaspari alikuwa Mtutsi. Alichukuliwa asubuhi akija kazini. Aliporudi baada ya wiki nyingi vidole vyake vilikuwa vimevimba, hawezi kufunga ngumi, na wakubwa wa hoteli wakamwambia nafasi yake ina mtu. Shefu, ambaye hatukuwahi kumwona akishika pasi, alimvua Gaspari shati, akalifua, akalipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe mbele yetu sote. Akamvalisha na kumfunga vifungo.

"Enda Gisimenti. Kule kuko mama moja anatafuta mutu wa pasi. Umwambie ni miye nimekutuma. Na vidole vitapona, weye ukuwe na uvumilivu."

Nililia siku ile, wala si mimi peke yangu. Mwaka uliofuata Shefu alirudi kwao Bukavu, akaja mkuu mwingine aliyetaka kila kitu kiandikwe kwa wino. Sikukaa. Nikamfuata Gaspari Gisimenti.

Mwenye duka pale alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, tukimwita Mama Patroni. Duka lilikuwa chumba kimoja na ua wa kuanikia, katikati ya baa na wachoma brosheti, na adui yetu mkubwa alikuwa moshi wa nyama. Mama Patroni alinifundisha wanga. Uji wa unga wa muhogo, mwepesi, unachujwa kwa kitambaa, kola inachovywa mara moja tu inatolewa. "Bon, sikiliza," alikuwa akisema, "mteja analipia kola. Hayo mengine yote ni zawadi." Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wa ofisi za Kacyiru, na mimi ndiye niliyewapelekea nguo, furushi kubwa la shuka kichwani, nikipanda basi likiwepo na nikitembea lisipokuwepo.

Kati yao alikuwepo Mkurugenzi mmoja wa wizara, mwenye mashati meupe mengi, yote ya aina moja. Alama yake ilikuwa jicho la uzi wa buluu. Kwa miaka yote hiyo maongezi yetu yalikuwa haya:

"Wanga zaidi."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

Hakuwahi kunitazama usoni, ila kola yake niliijua kuliko mke wake.

Alasiri kazi ikipungua tulikaa uani juu ya makreti matupu ya bia, tunakunywa chai na maandazi. Gaspari alisimulia habari za Konsolata, alivyomcheka, alivyomnyima ugali kwa sababu ya maneno yake mengi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko yetu. Hatukujua kwamba tulikuwa matajiri.

Kufikia mwaka 1993 safari fupi ilikuwa na vizuizi vya njiani. Siku moja mchana, mimi na Gaspari tulikuwa tunapeleka nguo kwa mteja wa Kicukiro, tukasimamishwa karibu na kiwanda cha Sonatubes. Askari akafungua furushi langu barabarani, akageuza kola moja, akageuza nyingine.

"Hii iko nini?"

"Alama ya dobi, afande."

"Mbona kila shati iko na yake? Hii nyekundu, hii buluu. Iko siri ya Inyenzi hii. Mnapereka habari!"

Inyenzi ni mende. Ndivyo walivyowaita waasi, na baadaye Watutsi wote. Kitambulisho cha Gaspari kilikuwa tayari mkononi mwa askari mwenzake, na vitambulisho vya wakati ule viliandikwa kabila. Mimi ninapoogopa huwa naongea, basi niliongea. "Afande, tazama kola yako mwenyewe. Kambini hamfuliwi nguo? Geuza tu uone." Akasita. Akajipapasa shingoni, akaligeuza gwanda lake, na kweli, kulikuwa na mstari wa uzi mweusi ambao hakuwahi kuuona maisha yake yote. Akacheka sana. Akaturuhusu kupita.

Yule mwenzake hakucheka. Alimrudishia Gaspari kitambulisho polepole, akakigonga kwa kidole.

"Wewe, yako haiko kwenye kola. Yako iko hapa."

Nikafunga furushi upya, tukatembea hadi kwa mteja.

Sasa nafika kwenye Pasaka ya 1994. Mkurugenzi alikuwa amesafiri kikazi kwenda Ulaya, na mashati yake yalining'inia dukani yakingoja. Mtoto wa kwanza wa Gaspari na Konsolata, msichana, alikuwa anabatizwa siku hiyo ya Pasaka. Jumamosi Gaspari akanijia taratibu nyuma ya meza.

"Mwamini sha, mtoto anabatizwa. Kola ya shati yangu imekwisha, iko nyuzi tupu. Nichagulie moja."

Nikamkumbusha methali ya Shefu ya nguo ya kuazima.

"Mbele ya Mungu mimi nataka kola tu," akasema. "Matako iko na suruali."

Nilicheka hadi nikajishika mbavu, nikamchagulia shati la Mkurugenzi lililokuwa na mikono mirefu kidogo, maana Gaspari alikuwa na mikono mirefu. Jumanne alirudi kazini bila shati la Mkurugenzi. Jumatano vilevile. Mvua za itumba, masika yetu, zilikuwa zinanyesha bila kukata.

"Konsolata ameifua, haikauki. Usiogope. Nitareta kesho mapema, kabla Mama Patroni hajafungua."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi ambayo kila mtu wa Kigali anaijua. Ndege ya rais ilikuwa imeangushwa, na mauaji yalianza asubuhi hiyo kabla watu hawajachemsha chai. Mimi kitambulisho changu kiliandikwa mgeni, kwa sababu ya baba, nikaishi. Nyumba yetu ya Biryogo ilificha watu juu ya dari na chini ya vitanda, na sisemi haya ili nisifiwe, kwa sababu wapo tuliowakosa. Kuhusu Gaspari sikujua lolote. Nilijiambia amevuka, mtu mwenye miguu mirefu vile lazima amevuka.

Mauaji yalikomeshwa Julai. Mama Patroni, aliyekuwa amekimbilia Bujumbura, akarudi akakuta pasi zimeibwa, nguo zimeibwa, hata mlango umeng'olewa. Tulianza upya kwa pasi moja ya kuazima. Na wateja wakaja, tena wengi, Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania na Burundi, wanarudi nchi ambayo wengine walikuwa hawajawahi kuiona. Mezani pangu Kiswahili kikawa cha kila aina. Walikuwa na furaha ya kurudi nyumbani, wanasalimiana kwa kelele, na nawaambia ukweli, furaha ile iliniuma. Si kosa lao. Ila walikuwa wanaingia kwa mlango uleule ambao Gaspari alikuwa hajaupita kurudi.

Mwishoni mwa mwaka Konsolata akaja, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa masimulizi ya makretini tu na kwa kuonana mara chache, lakini tulikumbatiana hadi mtoto akaanza kulia. Akanieleza. Walitoroka nyumbani kwao Kicukiro pamoja, na njiani jirani mmoja, mwanamke mzee, akakubali kumficha yeye na mtoto, ila wanaume hapana. Gaspari akaendelea na wanaume wenzake kuelekea Sonatubes. Sasa shimo moja kule lilikuwa limefukuliwa, na nguo zimetandazwa juu ya nyasi ili watu watambue wa kwao.

"Nimeenda kila siku," akasema. "Mashati nyeupe iko mengi, dada. Nimegeuza kola zote. Kijani na njano haiko."

Nikamwuliza, ingawa moyo ulishajua. "Alivaa shati gani?"

"Ile ya Pasaka. Ilikuwa bado na maji, akaivaa hivyohivyo. Aliinunua kwa ajili ya ubatizo."

Nikachomeka sindano kwenye kola niliyokuwa naishona. Aliinunua. Gaspari alikuwa amemwambia mkewe kwamba shati ni lake. Mwanamke huyu hakubakiwa na nyumba wala picha, alibakiwa na mtoto na sifa za mumewe, na mimi nilitakiwa kumwambia kwamba mumewe alimdanganya na kwamba alikufa amevaa nguo ya watu. Nikinyamaza, sifa yake itabaki nzima na yeye atazikwa na wasiojulikana. Nilimwomba Mungu anipe njia ya tatu, hakunipa.

"Twende wote," nikamwambia.

Pale kwenye nyasi sitapasimulia. Niliinama nikaanza kugeuza kola, moja baada ya nyingine, kama nilivyofanya maisha yangu yote, na baada ya muda sikuangalia tena, nilipapasa tu. Kidole kikagusa jicho la uzi. Nikasugua udongo kwa mate, buluu ikatokea; nikanyoosha mikono ya shati, ilikuwa mirefu, ni lilelile nililomchagulia.

Konsolata akaniangalia. "Hiyo si ya Gaspari."

"Alama si yake. Ni ya Mkurugenzi mmoja wa Kacyiru."

"Basi huyu ni Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yu hai, dada, yuko Ulaya, alikuwa ameliacha dukani. Gaspari aliliazima kwa ubatizo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemchagulia, kwa sababu ya mikono yake mirefu."

Aliketi chini. Nikangoja anitukane. Kwanza mabega yalitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Mana yanjye, Mungu wangu, Gaspari! Nilimwambia, shati gani ya sokoni inakuja na wanga? Akaniambia muuzaji iko mtu safi sana." Akafuta macho kwa mkono wa nguo. "Nilijua si yake, Mwamini. Ila sikujua iko ya nani, na kuuliza mbele ya watu niliona haya. Niliona nitamwita mwizi, na yeye hawezi kujibu."

Kisha ndipo akalia, na mimi nikalia naye, na wenye kusimamia pale wakaja kuuliza kama tumemtambua mtu. Konsolata akasimama, akasema kwa sauti, "Ndiyo. Iko mume wangu."

Nimestaafu sasa. Macho hayaoni tundu la sindano, na kwenye maduka ya Gisimenti nguo zinazunguka zenyewe nyuma ya kioo. Vijana wa kazi hunitembelea, wananiuliza kazi ipi niliyoifanya vizuri kuliko zote, nao wanatarajia nitaje gauni la harusi la tajiri fulani, au suti za mabalozi. Nawaambia ni kola moja, ya shati jeupe ambalo halikurudi kuwa jeupe.

Konsolata alikuwa ameniambia siku ile tulipolichukua, "Sitaki alale na alama ya mtu mwingine shingoni." Tulilifua uani kwa Mama Patroni, mara nyingi, mimi nasugua yeye anasuuza, na Mama Patroni mwenyewe alichuja wanga bila kuulizwa. Lilipokauka nikafumua lile jicho la buluu, uzi baada ya uzi, kama Shefu alivyoagiza. Kisha nikachemsha nyuzi mbili, nikashona kijani, nikakatiza njano juu yake. Konsolata alishika pasi ya mkaa na kuisogeza karibu na shavu, kama alivyosimuliwa, akasema, "Twende."

Padri alikuja asubuhi kwa misa ya maziko, tukamzika Gaspari na shati lake. Nguo ya mteja ilikwenda misa, nami sikumwomba mtu radhi, kwa sababu mteja alikuwa Gaspari.